Mimea ya Kudumu kwa Nyumba na Ua wa Mwanhuzi

Mmea unaotunzwa nyumbani huishi au hufa kutokana na uamuzi unaofanywa kabla haujapandwa, yaani uamuzi wa kulinganisha mahitaji yake na hali ya mahali utakapokaa. Kanuni hii inafaa popote duniani, lakini ina uzito wa pekee katika mji kama Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, ambako kiangazi ni kirefu, jua ni kali, na kila ndoo ya maji inayomwagwa kwenye maua ni ndoo ambayo ingeweza kupikia, kufulia au kunywesha mifugo. Mwenye nyumba anayechagua mmea kwa kuvutiwa na rangi ya ua lake pekee hujikuta akiuhudumia kila siku bila kuona faida, ilhali jirani yake aliyechagua kwa kuzingatia udongo, mwanga na maji hupata kivuli, pambo na harufu nzuri kwa miaka mingi kwa kazi ndogo. Habari njema kwa wakazi wa Meatu ni kwamba sehemu kubwa ya mimea inayofaa mazingira yao ina asili ya Afrika Mashariki yenyewe, na baadhi yake inauzwa kwa bei kubwa katika miji ya Ulaya na Marekani ambako watu huithamini kuliko inavyothaminiwa kwao.

Maana ya mimea ya kudumu na mimea ya ndani

Mimea hugawanywa kwa urefu wa maisha yake. Mimea ya msimu, kama vile mahindi, choroko na alizeti, huota, huchanua, huzaa mbegu na kufa ndani ya kipindi kisichozidi mwaka mmoja. Mimea ya kudumu huishi zaidi ya miaka miwili, nayo imegawanyika katika namna kadhaa: ipo inayobaki na majani mwaka mzima, ipo inayopukutisha majani wakati wa ukame na kuchipua upya mvua zinaponyesha, na ipo inayokauka kabisa juu ya ardhi huku kiazi, tunguu au shina lililofukiwa likibaki hai chini ya udongo. Pamba yenyewe, zao linaloutambulisha Mkoa wa Simiyu, kwa asili ni kichaka cha kudumu, ila wakulima huilima kama zao la msimu na kuing'oa baada ya mavuno ili kukata mzunguko wa wadudu waharibifu.

Mimea ya ndani, kwa upande mwingine, si kundi maalumu la kibotania, kwa kuwa hakuna mmea ulioumbwa kuishi sebuleni. Jina hilo hutumika kwa mimea yoyote inayoweza kuvumilia mwanga hafifu, udongo kidogo uliomo ndani ya chungu, na hewa isiyozunguka sana kama ile ya nje. Kwa kawaida hiyo ni mimea ambayo porini huishi chini ya kivuli cha miti mikubwa, au ile inayohifadhi maji ndani ya majani, mashina au mizizi yake na hivyo kustahimili mazingira magumu. Tofauti ya makundi haya mawili ndiyo inayoeleza kwa nini mmea mmoja hunawiri na mwingine hunyauka ndani ya chumba kilekile.

Hali ya mahali: mvua, udongo, jua na maji

Wilaya ya Meatu hupata mvua ya takriban milimita 400 hadi 900 kwa mwaka, upande wa kusini ukiwa mkavu kuliko wa kaskazini, na mvua hiyo hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili au Mei, mara nyingi ikikatika kwa majuma kadhaa katikati ya msimu. Kwa hiyo mmea wa kudumu unaopandwa nje lazima uweze kupita miezi mitano au sita bila mvua ya maana, kila mwaka, kwa maisha yake yote. Hiki ndicho kipimo cha kwanza, na mmea usiokivuka hauna budi kupewa maji ya ndoo au kuachwa.

Kipimo cha pili ni udongo. Mabonde na tambarare nyingi za Usukuma zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaoitwa mbuga, ambao huvimba na kunata unapolowa, kisha hukauka na kupasuka nyufa pana zinazoweza kukata mizizi midogo. Kwenye miinuko hupatikana udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, unaopitisha maji upesi lakini wenye rutuba kidogo. Njia rahisi ya kuupima udongo wa uani ni kuchimba shimo la kina cha sentimita 30, kulijaza maji na kuyaacha yazame, kisha kulijaza tena: ikiwa maji ya mara ya pili yanazama ndani ya saa chache, udongo unapitisha maji vizuri, na ikiwa yanabaki hadi kesho yake, mizizi ya mimea mingi itaoza hapo wakati wa masika.

Jua nalo lina mpangilio wake. Mwanhuzi uko kati ya nyuzi 3 na 4 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua la mchana hupita upande wa kaskazini kuanzia takriban katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia upande wa kusini kwa miezi iliyobaki. Maana yake ni kwamba ukuta na dirisha linalotazama kaskazini hupata jua wakati wote wa kiangazi, kipindi ambacho mmea una uhitaji mkubwa wa nafuu, ilhali upande wa kusini huwa na kivuli katika miezi hiyohiyo. Dirisha la mashariki hupata jua laini la asubuhi na ndilo linalofaa mimea mingi ya ndani, na la magharibi hupata jua la alasiri ambalo hukuta kuta na mabati yamekwisha kupata moto.

Ubora wa maji ni jambo linalosahauliwa. Visima vya maeneo kadhaa ya kaskazini na kati ya Tanzania vina maji yenye chumvi au madini ya floridi kwa wingi, na mimea ya jamii ya drasena pamoja na klorofitamu, ule mmea wa majani membamba yenye mistari myeupe, huonyesha athari yake kwa ncha za majani kugeuka kahawia. Mwenye kuona dalili hiyo mara nyingi hudhani mmea una kiu na kuuongezea maji yaleyale, akizidisha tatizo. Maji ya mvua ndiyo dawa, nayo hukingwa kwa urahisi kuliko wengi wanavyofikiri: milimita moja ya mvua inayonyeshea mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja, kwa hiyo paa la bati lenye mita za mraba 40 linaweza kutoa karibu lita 800 kutokana na mvua moja ya milimita 20, ukiondoa kiasi kidogo kinachopotea. Mapipa mawili au matatu yaliyofunikwa vizuri yanatosha kuitunza mimea ya chungu kwa sehemu kubwa ya kiangazi.

Mimea miwili ya Tanzania iliyoenea duniani

Mifano miwili ya Tanzania yenyewe inaonyesha vizuri kwa nini asili ya mmea inapaswa kuchunguzwa kwa undani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga, aliokota mmea mdogo wenye maua ya zambarau katika misitu ya Usambara na kuupeleka kwa baba yake nchini Ujerumani. Mtaalamu Hermann Wendland aliueleza kisayansi mwaka 1893 na kuupa jina la Saintpaulia ionantha kwa heshima ya familia hiyo, na tangu hapo urujuani wa Afrika, kama unavyojulikana, umekuwa miongoni mwa mimea ya chungu iliyoenea zaidi katika nyumba za Ulaya na Marekani. Porini mmea huo huishi kwenye miamba yenye ukungu na kivuli cha msitu, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na kwa kuwa misitu hiyo imepungua, aina zake kadhaa sasa ziko hatarini kutoweka.

Mfano wa pili ni Zamioculcas zamiifolia, ambao unaweza kuitwa kwa Kiswahili zamiokulkasi, mmea wenye vijani vinene vinavyong'aa vilivyopangika pande mbili za kikonyo. Asili yake ni ukanda wa mashariki ya Afrika kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, katika misitu mikavu na vichaka vyenye misimu ya ukame, nao huhifadhi maji ndani ya viazi vilivyo chini ya udongo na ndani ya vikonyo vyake. Ulijulikana kwa wataalamu wa Ulaya tangu karne ya 19, lakini ni katika miaka ya 1990 tu ndipo vitalu vya Uholanzi vilipoanza kuuzalisha kwa wingi kwa ajili ya biashara, na leo unaonekana katika ofisi, benki na hoteli za miji mingi.

Mimea yote miwili ni ya Tanzania, lakini ni mmoja tu unaofaa kwa Mwanhuzi. Urujuani wa Usambara ukiletwa Meatu utahitaji kivuli, unyevu na maji safi ya uvuguvugu siku zote, na hewa kavu ya Agosti itaumaliza, ilhali zamiokulkasi itakaa kwenye kona ya sebule ikinyweshwa mara moja baada ya majuma mawili hadi manne na bado itachipua. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mmea ni wa nchini, bali inapasa kuuliza umetoka katika mazingira gani ya nchi, kwa sababu tofauti ya hali ya hewa kati ya Amani, huko kwenye misitu ya Usambara, na Mwanhuzi ni kubwa kuliko tofauti kati ya Mwanhuzi na sehemu nyingi kavu za nchi za mbali.

Kuchagua na kutunza mimea ya ndani

Mbali na zamiokulkasi, mmea unaostahili nafasi ya kwanza katika nyumba za Meatu ni sansevieria, wenye majani marefu, magumu yaliyosimama wima, ambayo baadhi yake yana kingo za njano. Aina nyingi za sansevieria zina asili ya Afrika Mashariki, na Bonde la Oldupai lililoko Ngorongoro, mashariki ya Meatu, limepata jina lake kutokana na jina la Kimaasai la mojawapo ya aina hizo. Sansevieria, mshubiri na mimea mingine ya namna hiyo ina utaratibu wa pekee wa kupumua: stomata, yaani vitundu vidogo mno vya majani vinavyoingiza hewa na kutoa mvuke, hufunguka usiku wakati hewa ni baridi na hufungwa mchana, na kwa njia hiyo mmea hupoteza maji kidogo sana. Huo ndio ufunguo wa uvumilivu wake, na ndiyo sababu maji mengi huiua upesi kuliko kiu.

Mwanga ndio unaopaswa kuamua mahali pa kuweka chungu. Nyumba nyingi za matofali zina madirisha madogo yenye wavu na pazia, na mwanga hupungua kwa kasi kadiri mtu anavyosogea ndani, kiasi kwamba mahali palipo mita tatu kutoka dirishani panaweza kuonekana pana mwanga wa kutosha kwa macho ya binadamu huku mmea ukiwa katika njaa. Dalili za upungufu wa mwanga ni mashina kurefuka na kulegea, majani mapya kuwa madogo, na mistari ya rangi kufifia. Mmea wenye dalili hizo usihamishiwe ghafla kwenye jua kali, kwa kuwa majani yaliyozoea kivuli huungua ndani ya siku moja, bali usogezwe polepole kwa muda wa majuma mawili. Kibaraza chenye paa ni mahali bora kuliko sebule kwa mimea mingi, kwa sababu hupata mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja pamoja na hewa inayotembea.

Chungu chenyewe kinaweza kuwa cha udongo wa kufinyangwa, ndoo iliyochakaa, kopo la rangi au dumu lililokatwa, ilimradi kina matundu chini ya kutolea maji. Chungu cha udongo hupumua na hukauka upesi, kwa hiyo kinaifaa mimea inayochukia unyevu, na cha plastiki hutunza maji kwa muda mrefu zaidi. Desturi ya kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu kisicho na tundu haisaidii, kwa sababu maji hukusanyika palepale na mizizi huoza. Udongo wa mbuga usitumike peke yake ndani ya chungu, maana hushikana na kuwa mgumu. Mchanganyiko unaofaa kwa mimea ya ukame ni mafungu mawili ya mchanga wa mtoni ulio na chenga kubwa, fungu moja la udongo wa juu, na fungu moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi kutoka zizini ina chumvi na mkojo unaounguza mizizi, hivyo irundikwe, ilowanishwe na kugeuzwa kwa miezi miwili au mitatu hadi ipoteze harufu na kuwa kama udongo mweusi.

Kuhusu kunywesha, hakuna ratiba ya siku inayoweza kutolewa kwa mimea yote. Mtunzaji achomeke kidole au kijiti kikavu udongoni hadi kina cha sentimita tano, na ikiwa bado kuna unyevu asubiri. Inapofika wakati wa kunywesha, maji yamwagwe hadi yatoke chini ya chungu, kisha yale yaliyobaki kwenye sahani yamwagwe. Kikombe kidogo cha maji cha kila siku hulowesha juu tu na kuifanya mizizi ibaki juu, ambako joto huikausha. Majani mapana yapanguswe vumbi kwa kitambaa chenye maji mara kwa mara wakati wa kiangazi, kwani vumbi huzuia mwanga na kuwaficha wadudu.

Wauzaji wengine husema kwamba mimea ya ndani husafisha hewa ya nyumba. Dai hilo lilipata nguvu kutokana na utafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, uliotolewa mwaka 1989, ambao ulifanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyozibwa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia tafiti za aina hiyo na kuonyesha kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 katika kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kufikia kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida katika jengo. Kwa hiyo anayetaka hewa safi afungue dirisha, na mmea aupende kwa uzuri wake na kwa utulivu unaoletwa na kazi ya kuutunza.

Ua wa nje na funzo la ngitili

Wasukuma wana elimu ya muda mrefu kuhusu mimea ya kudumu, nayo imo katika ngitili, yaani eneo la malisho na miti linalofungwa wakati wa mvua ili lijitengeneze na kufunguliwa kiangazi mifugo inapohitaji chakula. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI na kuendeshwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, ulijengwa juu ya desturi hiyo, na zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilirejeshwa au kuanzishwa katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulijumuisha Meatu kabla Mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012. Sehemu kubwa ya uoto huo haikupandwa upya, bali ilichipua kutokana na mizizi, visiki na mbegu zilizokuwa tayari ardhini, mara tu zilipopumzishwa dhidi ya shoka, moto na meno ya mifugo. Mkulima wa bustani anaweza kuifuata kanuni hiyohiyo uani kwake: mmea wa kudumu ni mzizi kwanza, na kazi ya mwaka wa kwanza ni kuulinda mzizi huo hadi ushike.

Ulinzi huo unaanza na uzio, kwa sababu mbuzi na kuku huharibu mche kwa haraka kuliko ukame. Minyaa na katani zimetumika kama ua wa miji ya Wasukuma kwa vizazi vingi, kwa kuwa hushika upesi kwa vipandikizi au vichipukizi na mifugo huzikwepa. Muda wa kupanda ni baada ya mvua kuloanisha udongo vizuri, kwa kawaida Novemba au Desemba, ili mche upate miezi yote ya mvua ya kukuza mizizi kabla ya Mei. Katika udongo wa luseni lichimbwe shimo la sentimita 60 kila upande na udongo wake uchanganywe na samadi iliyooza. Katika udongo wa mbuga shimo la namna hiyo hugeuka dimbwi, kwa hiyo ni heri kuinua tuta la sentimita 30 la mchanganyiko wa udongo, mchanga na samadi na kupanda juu yake. Majivu ya jikoni, ambayo wengi huyamwaga kila mahali wakiamini ni mbolea, yasiwekwe kwa wingi katika udongo mweusi, kwa kuwa udongo huo mara nyingi tayari una chokaa, na majivu huuongezea hali ya chokaa hadi majani yakawa ya njano kwa kukosa madini ya chuma.

Baada ya kupanda, matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa kiganja hupunguza joto la udongo na upotevu wa maji, ila yasiguse shina, na yakaguliwe mara kwa mara kwa ajili ya mchwa. Mabua ya pamba hayafai kuwa matandazo, kwani huhifadhi wadudu wa zao hilo. Njia nyingine ya kale na yenye ufanisi ni kufukia mtungi wa udongo usiopakwa rangi karibu na mmea, mdomo ukibaki juu na kufunikwa, na kuujaza maji kila yanapopungua. Maji hupenya polepole kupitia kuta za mtungi na kuifikia mizizi bila kupotea kwa jua. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yasimwagwe sehemu moja kila siku, maana sodiamu iliyomo huufanya mfinyanzi ushikane na kukataa maji.

Katika orodha ya mimea ya nje, bogenvilia hushika nafasi ya juu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nayo ilikusanywa na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson huko Rio de Janeiro mwaka 1767 katika safari ya baharia wa Kifaransa Louis Antoine de Bougainville. Kile kinachoonekana kama ua la rangi ni majani maalumu yanayozunguka maua madogo meupe, na mmea huchanua zaidi unapopunguziwa maji, kwa hiyo aliye na bogenvilia isiyochanua mara nyingi ameinywesha kupita kiasi au ameiweka kivulini. Waridi la jangwani, lenye shina nono kama chupa na maua ya waridi, ni mzaliwa wa nchi kavu za Afrika Mashariki. Hupukutisha majani wakati wa ukame, na katika kipindi hicho linapaswa kuachwa bila maji. Mshubiri, ukiwamo ule wa kienyeji uitwao Aloe secundiflora unaoota katika nyika za kaskazini mwa Tanzania, huchanua maua ya rangi ya matumbawe yanayovutia chozi, ndege wadogo wanaofyonza asali ya maua. Mchaichai hutoa majani ya chai kwa miaka mingi ikiwa kitako chake kinagawanywa na kupandwa upya kila baada ya miaka mitatu hivi mwanzoni mwa mvua.

Haibiskasi hupendeza na huishi muda mrefu, lakini ni ndugu wa pamba, na kangambili pamoja na wadudu wengine wa pamba huishi juu yake pia. Katika wilaya inayotegemea zao hilo ni busara kuipanda mjini, mbali na mashamba, na kuikagua mara kwa mara.

Sumu, wadudu na afya ya familia

Mimea inayojilinda dhidi ya wanyama mara nyingi hujilinda kwa sumu, na jambo hili halina budi kujulikana kwa kila mwenye watoto. Utomvu wa mnyaa ukiingia machoni huleta maumivu makali na unaweza kudhuru uwezo wa kuona, kwa hiyo anayeukata avae miwani au asimame upande ambao upepo unatoka, na utomvu ukimwingia macho yaoshwe kwa maji mengi na aende kituo cha afya. Waridi la jangwani lina sumu inayodhuru moyo, na Wahadzabe, ambao baadhi yao huishi katika Wilaya ya Meatu, wameitumia tangu zamani kupaka mishale ya kuwindia. Oleanda, kichaka kinachopandwa mijini kwa maua yake, ni sumu kwa binadamu na kwa ng'ombe. Mimea hii inaweza kupandwa, ila iwe mahali ambapo mtoto mdogo hafiki, na matawi yake yaliyokatwa yasitupwe penye malisho.

Wadudu wa kawaida wa mimea ya chungu ni vidukari wanaokusanyika kwenye machipukizi, vidung'ata wanaofanana na pamba nyeupe kwenye maungio ya majani, na utitiri mwekundu unaozidi wakati wa joto na vumbi. Wakiwa wachache huondolewa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na wakizidi hunyunyiziwa maji yenye kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwa kila lita, au maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini yaliyopondwa, jioni jua likiwa limepoa. Maji yasiachwe kwenye sahani za vyungu, maana mbu huweza kukamilisha ukuaji wao kutoka yai hadi kuruka kwa takriban siku saba hadi kumi. Vichaka vilivyo karibu na kuta vipunguzwe matawi ya chini ili pasiwe na maficho ya nyoka.

Kupata miche kwa njia halali na kwa gharama ndogo

Faida kubwa ya mimea ya kudumu ni kwamba mmea mmoja mzuri unatosha kuanzisha bustani ya mtaa mzima. Bogenvilia huota kwa vipandikizi vya matawi yaliyokomaa yenye urefu wa sentimita 20 hivi, vinavyochomekwa kwenye mchanga wenye unyevu chini ya kivuli. Sansevieria huota kwa kipande cha jani, ingawa ile yenye kingo za njano hupoteza kingo hizo ikizalishwa kwa jani na huzihifadhi ikizalishwa kwa kugawa shina. Zamiokulkasi huota hata kwa kijani kimoja, kwa anayeweza kusubiri miezi kadhaa hadi kiazi kijitengeneze. Vipandikizi vya mshubiri na waridi la jangwani viachwe kivulini kwa siku kadhaa hadi jeraha likauke kabla ya kupandwa, la sivyo huoza.

Jambo lisilofaa ni kung'oa mimea mwituni. Mishubiri yote, isipokuwa ule wa kawaida wa biashara, imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kuchukua mmea wowote ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti au Pori la Akiba la Maswa, yaliyo jirani na Meatu, ni kosa. Mbegu chache, kipandikizi kutoka kwa jirani au mche kutoka kitaluni hutoa matokeo yaleyale bila kuipunguza nyika.

Kila kaya ya Mwanhuzi inaweza kuanza msimu ujao wa mvua kwa mimea mitatu tu: sansevieria kibarazani, bogenvilia karibu na uzio, na mchaichai pale maji ya kuogea yanapopita. Ikipandwa Novemba, ikalindwa dhidi ya mbuzi na kunyweshwa kwa kiasi katika kiangazi chake cha kwanza, mimea hiyo haitahitaji huduma nzito katika miaka inayofuata, na vipandikizi vyake vitatosha kugawiwa majirani, shule na zahanati. Wakazi, walimu na viongozi wa mitaa wanahimizwa waanze na hiyo.